Jeni ya foleti na usonji: mjadala uliotufikia miguu juu, kichwa chini

Tangu Septemba 22, 2025, siku ambayo Rais Donald Trump wa Marekani alisimama Ikulu mjini Washington, pembeni yake Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr., akazungumzia usonji, parasetamoli na dawa iitwayo lukovorini, ambayo ni aina ya foleti, simu za wazazi wengi wa huku Kusini hazijatulia. Habari ilitoka kule ikiwa na vipande viwili: wajawazito waiogope Tylenol, dawa ileile tunayoinunua kwa jina la Panadol, na lukovorini iwe tumaini kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Ilipofika Mtwara na Lindi, ikipita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, ilikuwa imeota kipande cha tatu ambacho hakikutoka kwenye mkutano ule. Kwamba wapo wanawake wenye “jeni mbovu ya foleti”. Kwamba miili yao haiwezi kuitumia asidi ya foliki, na hivyo FEFO wanayopewa kliniki, kidonge cha madini ya chuma na asidi ya foliki, inageuka sumu tumboni na kumpa mtoto usonji. Wenye nia njema wanaongeza ushauri: pima vinasaba kwanza, agiza methilifoleti ya nje, yaani foleti iliyokwisha kugeuzwa kuwa umbo la mwisho, au acha kabisa kumeza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asinitafute mwishoni. Tofauti za kurithi katika namna mwili unavyochakata foleti zipo kweli, zimechunguzwa kwa miongo mitatu sasa, na yawezekana zina mchango mdogo katika usonji. Lakini ushahidi huohuo, ukisomwa mpaka mwisho, unaonyesha kwamba mchango huo hujitokeza pale foleti inapopungua na hufifia pale inapotosha. Maana yake ni kwamba mwanamke mwenye jeni hiyo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kumeza kidonge chake, na anayemwambia akiache anamsukuma kuelekea hatari ileile anayodai kumkinga nayo. Kwa mikoa yetu nitakwenda mbele zaidi: swali la maana haliko kwenye jeni. Liko kwenye kalenda, yaani ni siku gani mwanamke anaanza kupata foleti ya kutosha.

Tuanze na foleti yenyewe. Ni vitamini ya kundi B, inapatikana kwenye mboga za majani, kunde, maharage na maini, na asidi ya foliki ni umbo lake la viwandani linalokaa muda mrefu bila kuharibika. Historia yake ilianza kwa wanawake maskini. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, akifanya kazi Bombay nchini India, alieleza jinsi upungufu mkali wa damu kwa wajawazito, wengi wao vibarua wa viwanda vya nguo, ulivyotibika kwa chakula cha bei ndogo kilichotengenezwa na hamira. Kilichokuwamo ndani ya hamira hiyo baadaye kilikuja kuitwa foleti. Kazi yake mwilini ni kubwa: bila foleti seli haziwezi kutengeneza DNA mpya, na bila foleti mwili hukosa vikundi vya methili, vipande vidogo vya kikemikali vinavyobandikwa juu ya DNA kuamua jeni ipi iwake na ipi izime. Kiinitete, ambacho seli zake zinagawanyika usiku na mchana, ndicho kinachoidai foleti kuliko kiungo chochote cha mtu mzima. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au sehemu kubwa ya ubongo haijaumbika kabisa. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika nchi 7 lilimaliza ubishi: kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, asidi ya foliki ilipunguza kujirudia kwa tatizo kwa asilimia 72. Hii ni mojawapo ya kinga za uhakika kabisa katika tiba ya uzazi, na inafaa ikae kichwani wakati tunasoma mengine yote.

Jeni inayotajwa kwenye jumbe hizo inaitwa MTHFR. Inatoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza foleti kuwa umbo la mwisho linalotumika kwenye damu. Mwaka 1995 watafiti wa Montreal, Kanada, walieleza tofauti moja ndani ya jeni hiyo, kwenye nafasi ya 677, ambapo herufi C imekuwa T. Mtu hupokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea T zote mbili hubaki na kimeng'enya chenye nguvu ya takriban asilimia 30 ya kawaida kikipimwa maabara, na mwenye T moja hubaki na kama asilimia 65. Nambari hizi zinatisha, na ndizo zinazokatwa na kubandikwa kwenye picha za mitandaoni. Kinachoachwa ni kilichofuata: kimeng'enya hicho hakijafa, kimelegea, na foleti yenyewe ndiyo inayokiimarisha, pamoja na vitamini B2. Ni kama mashine ya kusaga yenye mkanda uliolegea. Nafaka inasagika, ila taratibu, na ukiukaza mkanda kazi inarudi kukaribia kawaida. Ndiyo maana, tukiacha maabara na kuingia kwenye damu ya watu halisi, mwenye T mbili huwa na foleti pungufu kwa asilimia 16 hivi tu kuliko asiye na T, wote wakiwa wanapata kiasi kilekile cha asidi ya foliki. Asilimia 16 haiuzi vipimo vya vinasaba, kwa hiyo inaachwa nje ya tangazo.

Usonji uliingiaje humo? Mwaka 2011 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kulinganisha familia zenye watoto wenye usonji na zisizo nao. Waliona kwamba akina mama waliomeza vitamini za wajawazito katika miezi mitatu kabla ya mimba au mwezi wa kwanza wa mimba walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata mtoto mwenye usonji. Kisha wakatazama jeni. Wanawake wenye T mbili ambao hawakumeza vitamini hizo walikuwa na hatari kama mara nne na nusu, ingawa walikuwa wachache na makadirio hayo yana upana mkubwa. Angalia sentensi hiyo ilivyojengwa: wenye T mbili ambao hawakumeza. Miaka miwili baadaye Norway ilitoa matokeo ya watoto 85,176. Kati ya watoto wa akina mama waliotumia asidi ya foliki kipindi cha kutunga mimba, asilimia 0.10 walikuwa na usonji wa aina kali. Kwa wasiotumia ilikuwa asilimia 0.21. Hapa inafaa haki itendeke kwa upande wa pili. Denmark, jirani kabisa wa Norway, ilitazama watoto zaidi ya 35,000 na mwaka 2016 ikasema haikuona tofauti yoyote. Wanawake wanaomeza vitamini mapema mara nyingi ndio wenye elimu zaidi na mimba zilizopangwa, na hakuna hesabu inayoweza kuliondoa jambo hilo lote. Kwa hiyo mtu akisema asidi ya foliki inazuia usonji, anasema zaidi ya kinachojulikana. Mimi siisemi.

Ila kuna uchambuzi mmoja ambao kwangu ndio ufunguo wa mjadala mzima, na sijawahi kuuona kwenye jumbe hizo. Mwaka 2013 watafiti waliunganisha tafiti kadhaa za T hiyo na usonji. Walipozigawa kwa nchi, uhusiano ulionekana kwa watoto wa nchi ambazo unga hauongezwi asidi ya foliki. Katika nchi ambazo unga huongezwa, kama Marekani iliyoanza kwa lazima mwaka 1998, haukuonekana. Jeni ni ileile na herufi ni ileile. Kilichobadilika ni sahani. Kama matokeo hayo yatasimama, basi “hatari ya kurithi” hapa ni hatari ya kukosa foleti kwa mtu ambaye mwili wake hauvumilii kuikosa. Huwezi kuichukua hoja hiyo ukaifanya sababu ya kumnyima mtu foleti bila kuivunja hoja yenyewe katikati.

Hapo ndipo ninapofika kwenye dai dhaifu kuliko yote, kwamba wenye jeni hiyo hawawezi kabisa kutumia asidi ya foliki. Jibu lake lilipatikana China zamani. Kaskazini ya China ni mojawapo ya sehemu duniani zenye watu wengi wa T mbili, kama mtu 1 kati ya 5. Katika miaka ya 1990 wanawake wa huko walipewa asidi ya foliki ya kawaida, mikrogramu 400 kwa siku, kidonge kisicho na nakshi yoyote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalihusu karibu wanawake robo milioni, kaskazini na kusini. Waliomeza kabla ya mimba mpaka mwisho wa miezi mitatu ya kwanza, kaskazini, walipunguza matatizo ya mgongo wazi na jamii yake kwa asilimia 79. Kusini, ambako tatizo lilikuwa dogo tangu mwanzo, punguzo lilikuwa asilimia 41. Kama T mbili ingekuwa inazuia asidi ya foliki kufanya kazi, kaskazini ndiko ingeshindwa vibaya zaidi. Hiyo methilifoleti inayosifiwa haijawahi kujaribiwa kwa namna hiyo kuona kama inazuia mgongo wazi. Anayemshauri mjamzito aiache iliyothibitishwa akachukue isiyothibitishwa kwa bei kubwa zaidi anafanya biashara, hata kama yeye binafsi hajalipwa.

Na kuna jambo linaloufanya mjadala huu uchekeshe kidogo ukiusikia Mikindani au Nachingwea. T hiyo ni ya kawaida sana Mexico, ambako karibu mtu 1 kati ya 3 ana nakala mbili, na kusini mwa Italia, mtu 1 kati ya 4. Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara ni adimu. Nakala za T kwa kawaida hazifiki 10 katika kila 100, na wenye mbili ni wachache mno. Hofu tuliyoletewa imeshonwa kwa vipimo vya mwili wa watu wengine. Naijua hoja inayoweza kujibu hapa, nayo si nyepesi: kwamba MTHFR ni jeni moja tu kati ya nyingi zinazoshughulika na foleti, na kwamba tafiti za vinasaba duniani zimewapima zaidi watu wenye asili ya Ulaya, hivyo huenda Waafrika tuna tofauti zetu ambazo bado hazijatazamwa. Ni kweli, na ni sababu ya kutaka vyuo vyetu vifanye utafiti huo. Haiwi sababu ya mwanamke wa Newala kuacha FEFO kwa ajili ya jeni ambayo kwa uwezekano mkubwa hana.

Mpwa wangu aliyeolewa Tandahimba alinipigia akiwa na mimba changa. Baada ya shikamoo hakuzunguka: “Mjomba, eti hivi vidonge vya kuongeza damu nivitupe? Shoga yangu kaambiwa vinaleta usonji.” Kwetu Wamakonde mjomba huulizwa hata yale asiyoyasomea, na inabidi ajibu. Nilimwambia: “Usivitupe, mwanangu. Kama vinakuchafua tumbo, meza usiku ukishakula, na ukifika kliniki mwulize nesi.” Akacheka, akasema kweli harufu yake ndiyo inayomshinda. Nikaelewa kwamba uvumi ule ulikuwa umempa ruhusa aliyokuwa akiitafuta, na nadhani hayuko peke yake. Choo kuwa cheusi, kichefuchefu, kukosa choo siku mbili. Ni madini ya chuma hayo. Mhudumu asipomwandaa mama kwa maudhi hayo, atakayemwandaa ni WhatsApp.

Sasa niigeukie hoja nzito, ambayo waoga wa asidi ya foliki wangeitumia vizuri kama wangeisoma. Watafiti wa Johns Hopkins walipima damu ya akina mama 1,257 wa Boston siku chache baada ya kujifungua. Wale waliokuwa na foleti ya juu mno, juu kuliko asilimia 90 ya wenzao, watoto wao walikuwa na hatari ya usonji kama mara mbili na nusu. Vitamini B12 ya juu mno ilionyesha kitu kama hicho. Utafiti huo ulitajwa sana kama ushahidi dhidi ya vidonge, wakati ndani yake humohumo akina mama waliomeza vitamini mara tatu hadi tano kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kuliko wasiomeza. Umbo lake ni la bonde: pungufu ni vibaya, na kupindukia huenda nako ni vibaya. Damu ilichukuliwa baada ya kuzaa, wakati ubongo wa mtoto ulishaumbika, hivyo hatujui foleti hiyo ilikuwa juu wakati wenyewe au ilipanda baadaye, wala kama ni chanzo au ni dalili ya mwili ulioshindwa kuitumia. Hata hivyo siipuuzi. Dozi kubwa isiyo na sababu haina wa kuitetea.

Na kwetu dozi kubwa isiyo na sababu ni rahisi kuipata. FEFO ina asidi ya foliki ya miligramu 0.4 hivi, sawa na mikrogramu 400. Lakini ukiingia duka la dawa muhimu lolote, kutoka Kilwa Masoko mpaka Nanyumbu, na kuomba “foliki” peke yake, utapewa kidonge cha miligramu 5. Hicho ni zaidi ya mara 12. Kina kazi yake: watoto wenye selimundu, ambao nchi yetu ni miongoni mwa zenye wengi zaidi duniani, hupewa, na mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huandikiwa dozi ya juu na daktari. Kwa mjamzito wa kawaida wa Mtwara au Lindi, kina tatizo ambalo Boston hawana haja ya kulifikiria. Mikoa yetu ina malaria, na Mtwara imo kwenye orodha ya mikoa inayoongoza nchini. Kinga ya mjamzito ni vidonge vya SP anavyomeza mbele ya nesi kuanzia miezi mitatu ya katikati. SP inamuua mdudu wa malaria kwa kumzuia kutengeneza foleti. Ukimmwagia foleti nyingi kutoka nje, unampa alichonyimwa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba miligramu 0.4 inakwenda vizuri na SP, ila miligramu 5 au zaidi kwa siku zisitolewe pamoja nayo, maana SP hudhoofika. Hapa pana hatari halisi, inayojulikana kwa utaratibu wake wote, inayohusu foleti na wajawazito wa Kusini, na haijawahi kupata ujumbe hata mmoja wa sauti wa kutisha watu. Mama anayekimbia FEFO kwa hofu kisha akajinunulia “foliki safi” dukani anatoka kwenye kidonge salama na kuingia kwenye kinachoweza kumwachia malaria.

Lukovorini ni hadithi nyingine kabisa, na kuichanganya na MTHFR ndiko kulikozaa vurugu hii. Foleti huingia kwenye ubongo kwa mlango maalumu, kipokezi kilichoko kwenye utando unaotengeneza maji ya ubongo. Kwa watoto wachache mlango huo una kasoro ya kurithi kwenye jeni nyingine, na kwa wengine kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazouziba. Foleti ikiwa kamili kwenye damu, ubongoni inakuwa pungufu. Lukovorini, ambayo madaktari wa saratani wanaitumia siku zote kupunguza makali ya methotreksati, mojawapo ya dawa zao, hupita kwa mlango mwingine. Kwa watoto wenye upungufu huo uliothibitishwa, kuna waliopata nafuu ya kweli, na sina sababu ya kubeza hilo. Kwa usonji kwa ujumla, jaribio la Marekani lililotajwa zaidi, la mwaka 2018, lilikuwa na watoto 48 na lilidumu wiki 12. Lilionyesha maendeleo katika kuongea. Watoto 48 wanatosha kuanzisha utafiti mkubwa. Hawatoshi mzazi wa Masasi auze mfuko wa korosho aagize dawa kwa mtu wa mtandaoni. Kuhusu parasetamoli nitasema kifupi: Sweden walitazama watoto karibu milioni 2.5, na walipolinganisha ndugu wa tumbo moja uhusiano na usonji ukatoweka. Homa kali ya malaria kwa mjamzito ina madhara yanayojulikana. Iteremshwe.

Kama tunatafuta dawa inayofahamika kuongeza hatari ya usonji na mgongo wazi kwa pamoja, ipo, inaitwa valproeti, na hutumika kutibu kifafa. Denmark ilichapisha mwaka 2013 kwamba watoto waliokuwa tumboni mama akiitumia walipata usonji kwa asilimia 4.42, dhidi ya asilimia 1.53 ya watoto wote. Msichana mwenye kifafa asiiache ghafla, maana degedege nalo linaua. Azungumze na daktari wake kabla ya kubeba mimba. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha hatari yenye ushahidi inavyofanana: ina kipimo, ina jina la dawa, ina cha kufanya.

Niliahidi kalenda. Mrija wa neva hufungwa siku ya 28, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama siku zao zimechelewa. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilionyesha kwamba ni robo hivi tu ya wajawazito waliofika kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2022 ilikuwa imepanda kufikia kama theluthi. Kwa hiyo hata mama mtiifu kabisa, anayemeza kila kidonge anachopewa, kwa kawaida anakianza wakati kazi yake kubwa imeshapita. Anapata faida ya damu, na hiyo si ndogo, lakini dirisha la ubongo na uti wa mgongo lilifungwa akiwa bado shambani anapalilia. Dirisha hilohilo ndilo lililoonekana kuwa na maana California na Norway. Mjadala wetu wote wa jeni unahusu kidonge ambacho wengi wanakutana nacho kimechelewa.

Chakula kingeweza kulifidia pengo hilo kwa sehemu. Gramu 100 za kunde zilizopikwa zina foleti kama mikrogramu 200, na mbaazi hupita 100. Korosho, pamoja na heshima yote tunayoipa, haifiki 30. Mbaazi tunazilima sana na tunazipeleka India. Ni mwaka 2017 tu, India ilipofunga mlango na bei ikaanguka, ndipo nyumba nyingi zilipozila mpaka zikachokwa. Msosi mkuu wa nyumba nyingi unabaki ugali wa muhogo, na kisamvu tunakichemsha muda mrefu, kwa sababu nzuri ya kuondoa sumu yake, ila moto na maji vinaondoka na foleti pia. Serikali iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga mwaka 2011, unga wa ngano na wa mahindi, asidi ya foliki ikiwemo. Kanuni hizo zinafika kwa anayekula chapati na mkate wa kiwandani Mtwara mjini. Hazifiki kwenye muhogo, na hazifiki kwenye mashine ya kijijini ambako mama anapeleka debe lake mwenyewe na kurudi nalo. Vifaa vya kuongeza virutubishi kwenye mashine ndogo vipo na vinatumika sehemu nyingine za nchi. Kwa unga wa muhogo hatujaanza hata kubishana.

Nikirudi kwenye ule uchambuzi wa mwaka 2013, sisi kwa sehemu kubwa bado tunaishi kama nchi isiyoongeza foleti kwenye unga, hata kama kwenye karatasi tunaongeza. Mwanamke wa Kusini, awe na jeni yoyote ile, yuko upande ule wa jedwali ambako upungufu unauma. Kinachofuata kutoka hapo hakihitaji kipimo cha vinasaba. FEFO zifike kwa mwanamke kabla ya mimba, na huku kwetu tunajua mahali pa kumpata. Pesa za korosho zikiingia kati ya Oktoba na Desemba, ndoa zinafuatana. Makungwi wanakaa na mwali siku kadhaa wakimfunda mambo ya unyumba. Wapo wanaoulaumu unyago, mara nyingi kwa haki pale unapohusisha watoto wadogo, lakini kwa bibi harusi mtu mzima sioni nani mwingine atakayesikilizwa kuliko kungwi akisema, anza kumeza hiki sasa, usisubiri tumbo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kukaa naye siku moja wakamweleza, na zahanati ikakubali kumpa vidonge mwanamke asiye mjamzito bila kumuuliza maswali ya kumdhalilisha. Wafamasia wa mikoa hii miwili nao waandike kwenye kila kopo la miligramu 5, kwa Kiswahili na kwa kalamu kubwa: si ya mjamzito anayetumia SP, ila kwa cheti cha daktari.

Limebaki moja, la lawama. Usonji ni wa kurithi kwa sehemu kubwa. Utafiti wa nchi 5 wa mwaka 2019 uliikadiria kuwa kama asilimia 80, na jeni zinazohusika ni mamia, nyingi zikiwa na mchango mdogo sana kila moja, nazo zinatoka kwa baba kama zinavyotoka kwa mama. Kwenye vijiji vyetu mama wa mtoto asiyeongea ameshaambiwa amelogwa, amelaaniwa, alivunja mwiko. Ujumbe wa “jeni mbovu” na “vidonge ulivyomeza” unamwongezea shtaka jipya lenye sauti ya kitaalamu, na haumpi mtoto wake chochote: haumfundishi kuongea, haumtafutii darasa lenye mwalimu wa elimu maalumu, hauleti mtaalamu wa matamshi karibu na Ligula au Nyangao. Nauli ya basi kwenda Muhimbili na kurudi, mara mbili au tatu kabla ya kupata jibu, bado anailipa mwenyewe.